Mabwawa ya majitaka yananuka, mto umebadilika: jinsi ya kumtafuta mchawi

Mji mdogo wa Tanzania ukiwa na mfumo wa majitaka, kwa kawaida mtambo wake ni mabwawa tu: hakuna mota, hakuna vipuliza hewa. Kazi yote inafanywa na bakteria, mwani na jua. Iringa hutoa maji yake yaliyotibiwa kwenye Ruaha Mdogo. Mabwawa ya Mafisa, Morogoro, yako kwenye bonde la Ngerengere, mto unaoingia Ruvu, na Ruvu ndio Dar es Salaam inaunywa. Kule Mabogini, chini ya Moshi, wakulima wananyweshea mpunga. Kwa hiyo bwawa likiugua, wa kwanza kujua huwa ni jirani mwenye pua, na wa pili ni yule aliye chini ya mto.

Jambo moja la kushika kabla hujagusa kitu: bwawa linaloonyesha dalili mara nyingi silo lenye ugonjwa. Ugonjwa huwa bwawa moja nyuma, au kwenye chemba ya kuingilia, au kwenye lori la kunyonya vyoo lililomwaga jana usiku. Ukitibu pale panaponuka tu, utarudi mwezi ujao.

Mfano wa hesabu utakaotumika humu ni mji wenye watu 8,000 waliounganishwa na mtandao. Kila mtu huleta takribani gramu 40 za BOD kwa siku (BOD ni oksijeni ambayo bakteria wataihitaji kula uchafu huo), hivyo mzigo ni kilo 320 kwa siku. Maji ni kama mita za ujazo 640 kwa siku, sawa na lita 7 hivi kwa sekunde. Bwawa la kwanza, lile refu kwenda chini ambalo wahandisi huliita la anaerobiki (lisilo na oksijeni), lina mita za ujazo 1,100. La pili, bwawa la kijani au fakaltativu (lenye oksijeni juu, chini hakuna), lina eneo la mita za mraba 5,500 na kina cha mita 1.5. Baada yake yapo mabwawa mawili ya kukomaza, ya kumalizia vimelea. Maji yana nyuzi joto 20.

Pima vitu vinne kwanza

*Mtiririko.* Kama pale maji yanapoingia pana bamba lenye mwanya wa V wa nyuzi 90, rula inatosha. Pima kimo cha maji juu ya ncha ya V, lakini simama nyuma kidogo ya bamba, mahali maji hayajaanza kuinama. Sentimita 8 ni lita 2.5 kwa sekunde, 10 ni lita 4.4, 12 ni lita 7, 15 ni lita 12, na 20 ni lita 25. Angalia jinsi namba zinavyoruka: kosa la sentimita moja si dogo. Na bamba likiwa na matambara yaliyonasa, kipimo chote ni uongo; lisafishe, subiri dakika kumi, ndipo usome.

*Kina cha tope.* Chukua mti mnyoofu mrefu kuliko kina cha bwawa, uuvalishe kitambaa cheupe cha taulo kuanzia ncha ya chini hadi theluthi ya urefu wake, ufunge kwa kamba. Kutoka kwenye mtumbwi ushushe wima, polepole, mpaka uguse sakafu. Hesabu hadi sitini, kisha utoe polepole vilevile. Chembe za tope hunasa kwenye nyuzi za taulo: chini kutakuwa kweusi, juu kijivu cha maji, na mpaka kati yao unaonekana wazi. Pima kutoka ncha hadi mpaka huo. Rudia sehemu zisizopungua tano, na usiache kupima jirani na bomba la kuingilia, maana pale huwa pamerundikana kuliko kwingine.

*pH (kipimo cha uchachu) na oksijeni iliyoyeyuka* ya bwawa la kijani, mara mbili kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana. Kipimo kimoja cha mchana hakina maana. Mwani hutoa oksijeni juani na kuivuta usiku, hivyo bwawa linaloonekana zima saa nane linaweza kuwa karibu na sifuri alfajiri.

*Daftari la malori.* Nani kamwaga, saa ngapi, kiasi gani, alikotoka. Kama daftari halipo, lianzishe leo. Kitu hiki cha bei ya chini hutatua kesi nyingi kuliko maabara.

Usalama: hakuna kuingia chemba peke yako, wala kuingia kwa kupima kwa pua. Gesi inayonuka mayai viza, ikifika kiwango cha hatari, huua kwanza uwezo wa kunusa. Unadhani imekwisha, kumbe ndiyo imezidi. Kwenye mtumbwi vaa jaketi okozi. Kingo zenye plastiki au zege lenye utelezi hazipandiki ukiwa majini.

Dalili: bwawa la kwanza linanuka mayai viza hadi mitaani

Harufu kidogo ukiwa umesimama ukingoni ni kawaida. Harufu inayofika majumbani si kawaida, na mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu.

Ya kwanza ni tope. Kila mtu huongeza takribani mita za ujazo 0.04 za tope kwa mwaka, kwa hiyo watu wetu 8,000 hujaza mita 320. Bwawa la mita 1,100 hufika theluthi ndani ya miezi 14 hivi, na theluthi ndiyo alama ya kuondoa. Sasa angalia kinachotokea ukichelewa. Bwawa likiwa tupu, mzigo wake ni kilo 320 kugawa mita 1,100, yaani gramu 290 kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Kwa nyuzi 20, ukomo wa kubuni ni 300, na ukivuka 400 harufu ni ya uhakika. Tope likifika nusu, mita zilizobaki ni 550 na mzigo umekuwa 580. Hakuna aliyeongeza uchafu. Bwawa limepungua tu.

Ya pili ni malori ya kunyonya vyoo. Hata tukikadiria kwa upole kwamba kinyesi cha shimoni kina BOD ya miligramu 2,000 kwa lita, lori la lita 5,000 linabeba kilo 10, mzigo wa siku wa watu 250. Malori kumi kwa siku ni kilo 100. Mji wa watu 8,000 umekuwa wa 10,500 bila hata nyumba moja kuunganishwa. Tena hayo malori huleta tope lililokwishaoza, kwa hiyo hujaza sakafu haraka kuliko BOD inavyoonyesha, pamoja na mchanga, pedi, na chupa. Dawa ni kuwapa malori mahali pao: vitanda vya kukaushia au bwawa dogo la kutua, kisha maji yanayochuja ndiyo yaingie kwenye mfumo. Wakati hilo linajengwa, wagawe kwa siku nzima badala ya kuwaacha wote wafike saa mbili asubuhi.

Ya tatu ni kitu kilichoua bakteria au kuchachusha maji. Pima pH ya bwawa la kwanza. Chini ya 6.5, bakteria wa kutengeneza asidi wamewaacha nyuma wale wa kutengeneza gesi ya methani, na jinsi pH inavyoshuka ndivyo salfaidi (chanzo cha ile harufu ya mayai viza) inavyotoka kama gesi inayonuka badala ya kubaki imeyeyuka. Watuhumiwa wa kawaida: kiwanda cha maziwa au pombe kilichomwaga shehena iliyoharibika, na machinjio. Damu ya ng'ombe ina BOD inayozidi miligramu 100,000 kwa lita. Pipa moja la lita 200 ni zaidi ya kilo 20. Damu haipaswi kuingia bomba la majitaka hata kidogo. Ikusanywe ndani ya machinjio.

Huduma ya kwanza kwa bwawa lililochachuka ni chokaa, lakini usikisie. Chota ndoo ya lita 20 ya maji ya bwawa, ongeza chokaa iliyozimwa gramu mbili mbili, koroga, pima, hadi pH ifike 7.5. Kila gramu mbili kwa ndoo ni gramu 100 kwa mita ya ujazo, yaani kilo 110 kwa bwawa letu zima. Koroga chokaa kwanza kwenye pipa la maji, uimimine pale maji yanapoingia. Ukirusha poda kavu juu ya bwawa itazama na kukaa juu ya tope bila kufanya kazi. Na kama tope liko nusu, chokaa ni panadol.

Kuondoa tope: kama mabwawa ya kwanza yako mawili sambamba, funga moja mwanzoni mwa kiangazi, vuta maji ya juu kwa pampu kuyapeleka la pili, kisha acha tope likauke kabla ya kuingia na koleo au mtambo. Kama liko moja tu, itabidi uvute tope majini kwa pampu ya matope kupeleka vitanda vya kukaushia. Acha tope kidogo chini, kama la sentimita 20 hivi. Bakteria waliomo ndio mbegu. Ukilisugua bwawa hadi sakafu litachukua miezi kuamka.

Dalili: bwawa la kijani limebadilika rangi

Hapa ndipo pa kukaa. Rangi ya bwawa la pili ni daktari wa bure, na mlinzi wa zamu akifundishwa kuisoma anaweza kukupigia simu wiki mbili kabla ya malalamiko.

Kijani kibichi kilichokolea: zima.

Kijani kinachofifia kuelekea zambarau au waridi: kuna salfaidi, na bakteria wa zambarau wanaoila wamepata nafasi. Si sumu. Kwa kweli wanapunguza harufu, ndiyo maana bwawa la waridi halinuki sana. Ila wanatangaza kwamba mzigo umevuka. Bwawa letu, la kwanza likifanya kazi yake na kuondoa asilimia 60, hupokea kilo 128 kwa siku. Kwa hekta 0.55 ni kilo 233 kwa hekta. Ukomo kwa nyuzi 20 ni kama 250, hivyo nafasi ni finyu. Bwawa la kwanza likijaa tope na kuondoa asilimia 30 tu, la pili linapokea kilo 224, yaani 407 kwa hekta. Ndipo linapogeuka. Kwa hiyo ukiona waridi kwenye la pili, nenda na mti wako wa taulo kwenye la kwanza.

Kijivu hadi nyeusi, na mapovu yanachemka katikati: mwani umekufa, oksijeni hakuna. Pima alfajiri na mchana. Zote zikiwa sifuri, punguza mzigo mara moja. Simamisha malori. Kama kuna bomba la kupitisha pembeni, gawa mtiririko uende pia bwawa la kukomaza la kwanza kwa muda. Njia nyingine nzuri ni kurudisha maji ya kijani kutoka bwawa la mwisho kwa pampu ndogo ya petroli, kiasi cha sehemu moja ya sita ya mtiririko, hadi pale la pili linapopokea maji: unapeleka oksijeni na mbegu ya mwani kwa pamoja. Tegemea wiki mbili au tatu kabla rangi haijarudi.

Maji yamekuwa meupe angavu ghafla, na ukichota kwenye glasi unaona vidudu vidogo vyekundu vinarukaruka: ni viroboto wa maji, wamekula mwani wote. Watu hufurahi kuona maji safi. Wasifurahi sana, maana oksijeni itashuka. Kwa kawaida vidudu vinakosa chakula, vinapungua, na mwani unarudi wenyewe. Usimwage dawa.

Kijani-bluu kama rangi ya kupaka, kimekusanyika pembezoni kwa mabaka na kunuka: ni aina nyingine ya mwani inayoelea. Vunja mabaka kwa kupiga maji ya pampu au kwa kasia, asubuhi upepo ukiwa mdogo, na uyaopoe. Yakiachwa yanazuia mwanga wa wale wa chini.

Dalili: ukoko juu ya maji

Inategemea ni bwawa gani, na hapa wengi hufanya kinyume. Ukoko kwenye bwawa la kwanza uache. Unafunika harufu na kuhifadhi joto. Nzi wakizidi, mwagia ukoko maji yaliyotibiwa kwa mpira ili mabuu wazame. Kwenye bwawa la pili na ya kukomaza uondoe kila siku kwa reki ya mti mrefu, kwa kuwa unaziba jua. Uchimbie chini siku hiyohiyo.

Ukoko ukitoka bwawa moja kwenda jingine, tazama tii (kiungio chenye umbo la T) ya bomba la kutolea. Inatakiwa ichote sentimita 30 chini ya uso kwenye bwawa la kwanza, 60 kwenye la pili, na 5 tu kwenye ya kukomaza. Mara nyingi kipande cha chini kimeng'oka na kimelala sakafuni.

Ukoko mweupe wenye mafuta magumu unatoka hotelini na kwenye karakana. Fungua mitego yao ya mafuta. Ukikuta mtego mkavu na bomba limepita pembeni, umepata jibu.

Dalili: maji mengi kupita kiasi, au machache

Pima saa tisa usiku, wakati watu wamelala. Mtiririko wa usiku ukiwa karibu nusu ya wa mchana katika mji usio na viwanda vya zamu, hayo si majitaka. Ni maji ya ardhini yanayoingia kwenye nyufa za bomba, au vyoo vinavyovuja. Ukipanda ghafla ndani ya saa moja ya mvua, kuna mapaa na mitaro iliyounganishwa kwenye chemba. Fuatilia chemba moja moja kwenda juu wakati mvua inanyesha, ukifunua na kutazama kutoka juu tu. Mafuriko hayo hayaongezi mzigo, yanafupisha muda wa maji kukaa bwawani, na vimelea ndivyo hufaidika.

Machache: chemba imeziba au kufurika mahali, au kuna mkulima ametoboa bomba juu ya mtambo. La pili si nadra wakati wa kiangazi, na ni hatari, kwa sababu anamwagilia majitaka mabichi. Ongea naye kuhusu maji ya mwisho badala ya kuziba tu, atatoboa tena.

Dalili: rangi nzuri, lakini kolifomu (bakteria wa kinyesi) hazishuki

Maji yanapita njia ya mkato. Kwenye karatasi yanakaa siku tano, kwa kweli siku moja na nusu. Kipimo chake ni machungwa. Chungwa huelea likiwa karibu lote majini, hivyo upepo haulisukumi sana. Rusha 20 kwenye mdomo wa kuingilia, andika saa, na mtu mmoja asimame kwenye mdomo wa kutokea. Yakifika machache ndani ya saa chache, kuna mkondo, na unaweza kuufuata kwa macho. Sababu: midomo miwili inatazamana, upepo mkuu unaelekea bomba la kutokea, au kichuguu cha tope kimejenga mfereji. Tiba ni ukuta wa kukinga maji ili yazunguke: nguzo za miti na turubai zito lililoshonewa mawe chini hufanya kazi vizuri kwa gharama ndogo, mradi liguse sakafu na lipande juu ya uso wa maji.

Kwa wanaomwagilia mashamba, kipimo cha zamani cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1989 bado ni rula nzuri: kolifomu za kinyesi zisizidi 1,000 kwa mililita 100, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita.

Dalili: maabara inasema BOD na chembe zimezidi, bwawa ni kijani zuri

Viwango vya Tanzania vya kutoa maji ni BOD 30, COD (kama BOD, ila hupimwa kwa kemikali) 60 na chembe zinazoelea majini 100, miligramu kwa lita. Bwawa zima linaweza kushindwa kwa sababu ya mwani wake wenyewe, ambao unahesabiwa kama uchafu. Pima sampuli mbili, moja imechujwa, nyingine la. Ikiwa isiyochujwa ni 60 na iliyochujwa ni 18, tatizo ni mwani na si majitaka. Ulaya iliona mkanganyiko huu: sheria yake ya 1991 inaruhusu sampuli za mabwawa zichujwe na chembe zifike 150. Hapa kwetu huna ruhusa hiyo, kwa hiyo pitisha maji ya mwisho kwenye kitanda cha changarawe kilichopandwa matete, au kwenye kichujio cha mawe. Ripoti namba zote mbili.

Mbu, majani na kingo

Mbu hawazaliwi katikati ya bwawa lenye mawimbi. Wanazaliwa kwenye nyasi zilizoinamia maji. Fyeka hadi ukingoni, toa matete yanayoota ndani, na usiruhusu bwawa la kijani lishuke chini ya mita moja. Nyasi na vina vifupi huleta pia konokono, na kichocho nyuma yao. Tuta lenye unyevu upande wa nje: tafuta shimo la fuko au mzizi wa mti. Miti haipandwi kwenye tuta, hata ya kivuli.

Dalili ziko mtoni

Chukua sampuli mita 50 juu ya mdomo wa bomba la mtambo, mdomoni, na chini mahali maji yamekwisha kuchanganyika. Siku hiyohiyo, alfajiri. Bila sampuli ya juu huna kesi, kwa sababu huenda uchafu unatoka kwenye mtaro wa soko.

Ute wa kijivu kama sufi iliyolowa, umeshika mawe na kupeperuka na mkondo: hiyo ni bakteria ya majitaka mabichi au nusu mabichi. Geuza mawe. Ukikuta funza wekundu tu, na huku juu ya mdomo kuna mabuu ya wadudu wengine, oksijeni inaisha. Usidanganywe na kambare. Kambare anapanda juu kuvuta hewa, ataishi mahali samaki wengine walipokufa siku nyingi. Na kumbuka mwinuko: mji ulio mita 1,500 juu ya bahari, maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hayawezi kushika zaidi ya takribani miligramu 7 za oksijeni kwa lita, kwa hiyo akiba ni ndogo kuliko vitabu vya pwani vinavyosema.

Malalamiko yakija kila Septemba na Oktoba huku vipimo vya mtambo ni vilevile mwaka mzima, fanya hesabu ya mchanganyiko. Maji ya mtambo lita 7 kwa sekunde yenye BOD 60, mto wa masika lita 200 wenye BOD 2: mchanganyiko ni 4. Mto huohuo ukishuka hadi lita 10, mchanganyiko ni 26. Mtambo haujabadilika, mto umeondoka. Hapo njia zilizopo ni tatu. Jaza mabwawa ya kukomaza kidogo kidogo na kutoa maji machache katika wiki mbaya, kama kingo zina nafasi ya sentimita 40 juu. Wape wakulima maji hayo kwa mazao yasiyoliwa mabichi, ikiwa kolifomu na minyoo vimepimwa. Au peleka namba zako bodi ya maji ya bonde, pamoja na orodha ya pampu za umwagiliaji zilizo juu ya mdomo, maana lita 190 hazikupotea zote kwa jua.